Shahidi wa Furaha ya Sili

Mimi ni fundi viatu, mwenyeji wa Tukuyu, naitwa Lutengano. Namna nilivyofika nchi ya Barufa haina manufaa kwa msomaji: nilipotea, nikatapika, nikafika. Yenye manufaa ni niliyoyakuta huko, nami nitayaeleza kwa utulivu, kwa sababu wenyeji wa nchi ile ni watu makini sana na hawapendi kuchekwa.

Barufa ni nchi ya barafu. Bahari yake huganda ikawa ngumu kama sakafu ya saruji, na watu hutembea juu yake, hujenga juu yake, na hugombania mipaka ya viwanja juu yake, ingawa kila kiangazi viwanja vyote huyeyuka na kesi zikaanza upya. Hakuna mgomba, hakuna hindi, hakuna hata jani la mboga. Kuna samaki, kuna kaa, na kuna sili.

Kwa asiyemjua, sili ni mnyama wa baharini mwenye mwili kama gunia lililojazwa vizuri, mapezi mahali pa miguu, sharubu za mzee wa heshima, na macho makubwa meusi yanayolengalenga wakati wote kama ya mtoto aliyenyimwa kitumbua. Wabarufa hula nyama yake, huwashia taa mafuta yake, na hushona kwa ngozi yake viatu visivyopitisha maji. Viatu hivyo ndivyo vilivyonipeleka. Nilitaka ngozi.

Ofisa wa kwanza kunipokea alikuwa na rula. Alinishika kidevu, akanipima jicho la kulia, halafu la kushoto.

"Ya wastani," alisema. "Utatendewa kwa wastani."

Ndipo nikaelezwa Sheria ya Macho, ambayo ndiyo msingi wa utu wote wa nchi ile. Kila kiumbe huhurumiwa kwa kadiri ya ukubwa wa macho yake. Samaki, mwenye jicho la kifungo cha shati, hutupwa juu ya barafu akarukaruka mpaka achoke mwenyewe, na hakuna anayegeuka kumtazama. Kaa ndiyo kabisa. Lakini sili, kwa macho yale, yuko juu ya kila kiumbe, na juu ya baadhi ya binadamu pia. Nilimwona mzee mmoja mwenye macho madogo akifukuzwa kwenye foleni ya dawa.

Sheria hiyo haikuota yenyewe. Wanunuzi wakubwa wa manyoya ya sili ni watu wa nchi ya Majoto, ambako jua ni kali kuliko la Dodoma. Matajiri wa huko hupenda makoti ya manyoya, kwa hiyo huwasha viyoyozi nyumba nzima mpaka meno yagongane, ndipo wayavae. Siku moja wakaonyeshwa picha ya sili anayetazama mbele. Walilia sana, wakiwa ndani ya makoti. Makoti hawakuyavua, ila walituma ujumbe Barufa kwamba tangu siku ile hawatanunua ngozi ya sili yeyote ambaye hakufa kwa furaha.

Wabarufa, ambao hawana kingine cha kuuza, walikuna vichwa, wakaunda Ofisi ya Furaha ya Sili. Ikapitishwa kwamba mwindaji amsalimie sili kwanza, amweleze kwa ufupi anachofia, ampige pigo moja, kisha amsomee Radhi, ambayo ni maneno marefu ya kuomba msamaha. Kama bado kuna haja baada ya Radhi, ndipo pigo la pili liruhusiwe. Na ili ngozi ikubalike Majoto, lazima awepo mgeni asiye na upande anayeapa kwamba ameona mnyama akifa na tabasamu. Huyo huitwa Shahidi wa Furaha. Mimi, niliyekwenda kutafuta ngozi za viatu, nikajikuta nina cheo.

Kabla ya kuanza kazi nilialikwa chakula cha mchana na Bwana Pelemba, Msemaji wa Sili katika Baraza la nchi. Alikuwa mtu mnene, mkarimu, aliyefuga sharubu kwa ajili ya kazi, na aliposema "sisi" hakuwa na maana ya sisi watu.

"Sisi sili ni wepesi wa kuumia moyo," aliniambia, huku akimnyanyua kaa aliyekuwa anarusha miguu na kumtumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota. "Neno kali tu, bwana. Neno kali tu linatuharibia siku."

"Na huyu?" niliuliza, nikionyesha sufuria, ambayo ilikuwa inagongwa kutoka ndani.

"Umeyaona macho yake? Punje mbili za pilipili manga." Akafunika. "Huko kwenu mnavaa viatu vya ngozi gani?"

"Ya ng'ombe."

"Macho yake yakoje?"

Nilimwonyesha kwa vidole. Bwana Pelemba alijishika kifua.

"Na kabla ya kumchinja, ng'ombe huambiwa nini?"

Nilifikiria kumweleza kwamba kwetu mchinjaji wa maana hunoa kisu mbali na macho ya mnyama, hulitaja jina la Mungu, na humaliza kazi kwa mara moja. Lakini sikujua kama hilo lingenitetea au lingeniangamiza, nikasema, "Anaambiwa alale upande."

Aliniangalia kwa huruma, akasema ataiombea nchi yetu. Nami nikamuuliza kama amewahi kumgusa sili.

"Sisi hatupendi kuguswa," alijibu, akavunja gando.

Upo na upande wa pili wa sheria, nao ni Mila. Kuwinda sili Barufa kunaruhusiwa tu kwa aliyerithi uwindaji kutoka kwa wazee wake, na kwa silaha waliyotumia wazee hao. Anayesimamia hilo ni Bwana Garudo, Mlinzi wa Mila, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa Baraza. Sheria hii ilikusudiwa kuwalinda wawindaji wa vijijini dhidi ya Kampuni ya Manyoya ya bandarini, ambayo haikuwa na wazee. Kampuni ikaajiri mmoja, ikamwandikisha.

Nilimkuta ofisini kwao, kwenye kiti cha mapokezi, mzee mkongwe amefunikwa blanketi, anakunywa chai. Juu yake pameandikwa BABU. Wakili wa Kampuni, bwana mmoja mwembamba aitwaye Zumbeko, alinionyesha kwa fahari.

"Babu," alimwita kwa sauti, "mila yetu ya kuwinda kwa mashine ilianza lini?"

"Zamani," alisema Babu.

"Na mila ya kusafirisha kwa meli?"

"Zamani," alisema Babu, akapewa andazi.

Mashine yenyewe, nilivyoelezwa, kwa mujibu wa mila ilihesabiwa kuwa rungu, isipokuwa lilikuwa refu kidogo na limeongezewa injini. Sikuruhusiwa kuiona ikifanya kazi. Shahidi wa Furaha wa Kampuni alikuwa ameketi chumba cha pili, mgongo wake kwenye dirisha, anaapa tangu asubuhi.

Mimi nilipangiwa kijiji cha Ukingo, mwisho kabisa wa barafu, nyumbani kwa Bi Tirike. Huyu alikuwa mwindaji mkuu wa kijiji, mwanamke mrefu mwenye mabega ya mpiga kasia na sauti ya kuitia watu mbali. Fungu la uwindaji la Ukingo, yaani haki ya kuua sili kwenye barafu yao, lilikuwa kwa jina lake, kama lilivyokuwa kwa jina la mama yake na bibi yake. Sili waliouawa kwa fungu hilo walilisha nyumba zote za kijiji. Nyama iligawiwa mlango kwa mlango, wajane na wagonjwa kwanza, na ngozi chache zilizouzwa ndizo zilizoleta chai, sindano na dawa ya kifua. Silaha yake ilikuwa rungu la mfupa wa nyangumi, jeusi kwa jasho la mikono ya wanawake watatu. Lilining'inia ukutani mahali ambapo kwetu pangekuwa na picha ya harusi.

Mkaguzi wa Ofisi ya Furaha katika kijiji hicho alikuwa binti yake wa pekee, Sanuvi.

Sanuvi alikuwa amesomea mbali miili ya wanyama na maumivu yao. Aliporudi hakula tena nyama ya sili, akachukua kazi serikalini, na akahamia nyumba ya mkabala na ya mama yake. Tangu siku hiyo hawakula tena chungu kimoja. Hawakuwa wamekatazana kusemeshana, ila walipendelea kupitishia maneno kwa mgeni.

"Fundi," Bi Tirike aliniambia asubuhi ya kwanza, binti yake akiwa amesimama mlangoni, mkono ungemfikia, "mwambie mkaguzi chai iko tayari."

"Fundi," alisema Sanuvi, "mwambie mama mkaguzi ameshakunywa."

"Mwambie amekonda."

"Mwambie hata yeye amekonda. Mwambie nimeona namna anavyolishika rungu siku hizi, analibadilisha mikono." Halafu akasahau kwamba mimi nipo. "Mama, risasi moja ya kichwa, mnyama hajui hata kilichompata. Rungu linategemea mkono. Mkono ukichoka, anayelipa ni yeye."

"Mkono upi uliouona ukikosea?"

"Bado sijauona."

"Basi ukiuona uniambie," alisema Bi Tirike, akatundua rungu.

Tulitoka watatu. Sheria inataka kila msafara wa barafuni ubebe bunduki moja ya kujihami na dubu, na ni marufuku kuielekeza kwa kitu kingine chochote. Sanuvi ndiye aliyeibeba. Mimi nilibeba cheo changu, na baridi, ambayo mtu wa Tukuyu hudhani anaijua mpaka afike kule.

Tulimkuta sili dume amelala kando ya tundu lake la kupumulia, anaota jua. Bi Tirike alimwendea kwa tumbo, polepole, kwa ustadi ambao ningeutazama siku nzima. Alipofika karibu ikambidi asimame na kusalimia, kwa sababu ndiyo sheria. Sili akashtuka, akageuka. Bi Tirike akaharakisha maelezo ya anachofia, akainua rungu, akapiga.

Nilisikia kwamba pigo halikukaa sawa. Hata mtu asiyejua uwindaji angesikia. Sili alianguka ubavu, halafu akaanza kujivuta kuelekea tundu lake, na barafu nyuma yake ikawa nyekundu. Sauti aliyotoa sitaieleza.

Bi Tirike aliinua rungu mara ya pili, na mkono wake ukakataa katikati. Kisha akalishusha, akaanza Radhi, kwa kuwa sheria ilimdai Radhi, na nadhani kwa kuwa alihitaji muda mkono urudi.

"Ewe mwenye macho mapana, mkaaji wa maji na mpanda wa barafu, sisi tulio chini yako kwa uzuri tunakujia kwa unyenyekevu..."

Radhi ina mafungu mengi. Sili alikuwa anajivuta. Mimi nilikuwa natazama, maana ndiyo kazi niliyopewa, nitazame tabasamu.

Bi Tirike hakufika kwenye fungu la pili la Radhi. Sanuvi aliitua bunduki kutoka begani, akapiga magoti, akafyatua. Sili akatulia palepale.

Bi Tirike alilitazama rungu lake kana kwamba ni mtu aliyemsaliti. Baadaye alivua glavu, akaushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaanza kuusugua.

Mlio wa bunduki juu ya barafu husikika mbali. Tulipofika kijijini Wakili Zumbeko alikuwa ameshafika na gari la kuvutwa na mbwa, amevaa tabasamu.

"Poleni," alisema. "Nimesikia dubu."

Hapakuwa na dubu. Sanuvi akashtakiwa kwa kosa linaloitwa Barufa "huruma bila kibali". Adhabu yake ni kufukuzwa kazi, na fungu la kijiji ambamo kosa limetendeka hupewa mwenye mila mwingine aliye jirani. Mwenye mila aliyekuwa jirani na Ukingo ni Babu wa Kampuni.

Mlango mmoja tu ulibaki wazi. Kama sili alikuwa ameshakufa kwa pigo la kwanza, basi Sanuvi alipiga risasi mzoga, na kumpiga risasi mzoga si huruma, ni uharibifu wa risasi tu, na kosa hilo husamehewa kwa karipio. Mtu wa kusema alikufa lini alikuwa Shahidi wa Furaha.

Bi Tirike alinijia asubuhi ya kesi nikiwa nafunga viatu.

"Fundi, wewe uliona alikufa kwa pigo la kwanza."

"Mama, mimi niliona..."

"Uliona weupe. Baridi ilikutoa machozi. Mgeni haoni vizuri barafuni." Alisema hayo kwa ukali, lakini hakunitazama. "Kijiji hiki kina nyumba ambazo hazina mtu wa kuwinda, mwanangu. Kampuni haigawi nyama."

Nilimwambia nitasema alikufa kwa pigo la kwanza. Nilimaanisha. Nilikuwa nimekula kwake, na nilishaona nyumba alizozitaja.

Baraza la Barufa hukutana uwanjani. Kila mjumbe hukalia tofali la barafu, na anaruhusiwa kusema mpaka suruali ilowane, basi anainuka kwenda kujikausha. Sheria hii ilitungwa ili hotuba ziwe fupi. Wakili Zumbeko alikuja amevaa suruali tatu za manyoya, moja juu ya nyingine, na siku zote ndiye anayesema mwisho.

Bwana Garudo, Mlinzi wa Mila, alifungua kikao kwa kumuuliza mshtakiwa kama ana la kusema.

"Ninalo," alisema Sanuvi. "Sili alikuwa hai. Alikuwa anateseka na sisi tunamsomea shairi. Nikamuua. Kama ningekuwa na akili ningemuua mapema zaidi."

Nilimtazama Bi Tirike. Alikuwa amefumba macho.

Bwana Pelemba akafuata kwa niaba ya sili. Alisema wao wamesikitishwa sana, kwamba marehemu alikatizwa Radhi yake kabla ya sehemu nzuri, na kwamba risasi haina adabu. Mjumbe mmoja kutoka nyuma akauliza kama marehemu mwenyewe alilalamika. Bwana Pelemba akasema suala hilo analishughulikia.

"Mshtakiwa anasema sili alikuwa hai," alisema Zumbeko, mkavu kabisa. "Nasikia shahidi atasema alikuwa amekufa. Basi mmoja wao ni mwongo. Ikiwa ni mkaguzi, mkaguzi aliyeliongopea Baraza haadhibiwi kwa kufukuzwa kazi tu. Anafukuzwa nchini. Tumsikie shahidi."

Hilo sikulijua. Kwa uso wake, hata Bi Tirike alikuwa hakulifikiria.

"Bwana Shahidi," alisema Garudo, "je, sili alifurahi?"

Nilisimama. Niliona uwanja mzima wa watu weupe kwa theluji wakinisubiri. Kusema alikuwa hai ni kuwanyang'anya wajane nyama, na kusema alikufa ni kumfukuza Sanuvi kwao. Nilifungua mdomo bila kujua kitakachotoka.

"Mwacheni mgeni wa watu," ilisema sauti ya kuitia watu mbali.

Bi Tirike alikuja mbele. Alikuwa na rungu lake mkononi, na alilitua chini, taratibu, juu ya barafu.

"Alikuwa hai," alisema. "Nilimpiga vibaya. Mkono wangu umezeeka, tangu mwaka juzi, nami nimekuwa nikiuficha hata usiku nikilala. Wa mwaka jana pia wawili niliwapiga vibaya, mkaguzi hakuwepo. Huyu mtoto hakusema uongo. Mimi ndiye niliyemwomba fundi aseme uongo."

Kwa mwindaji wa Barufa kukiri hivyo mbele ya watu ni sawa na kwetu mganga kutangaza kwamba hajui dawa. Bwana Garudo mwenyewe alisimama kwa heshima, na ikaonekana amelowa.

Aliyepona haraka ni Zumbeko. Alisema Kampuni inamsifu mama kwa ukweli wake. Alisema fungu la mkono uliozeeka haligawiwi tena kwa adhabu bali kwa Mila, na Mila iko wazi, kwamba mkono ukizeeka, fungu huenda kwa mtoto aliye tayari, na kama hakuna mtoto aliye tayari, huenda kwa mzee mwingine. Mtoto wa Bi Tirike, nchi nzima inajua, hali hata nyama ya sili. Basi mzee mwingine ameshaletwa. Babu akasogezwa mbele na kiti chake na blanketi lake.

"Nipo tayari," alisema Sanuvi.

Mama yake aligeuka.

"Tayari kwa nini?" aliuliza Garudo.

"Kulichukua fungu. Kuwinda."

"Kwa rungu la bibi yako?"

"Kwa bunduki."

Uwanja ulichafuka. Wajumbe waliokuwa wanajikausha walirudi kukaa ili wapate kupinga. Bwana Garudo aligonga tofali lake. Alisema bunduki si mila, haijawahi kuwa mila, na yeye hakuwekwa pale kulinda vitu vya juzi.

"Garudo," alisema Bi Tirike, "bibi yangu alitumia rungu kwa sababu hakuwa na bunduki. Angekuwa nayo, wewe leo ungekuwa unalinda bunduki."

Watu wakacheka, wakajizuia. Garudo akasema kicheko si ushahidi, na kwamba mila huthibitishwa na mzee aliyeandikishwa, siyo na mwindaji aliyekwisha kukiri. Bi Tirike akatazama huku na huku, akamwona Babu anasinzia kitini, akamwinamia sikioni.

"Babu," alisema kwa sauti ya uwanja mzima, "bunduki ilianza lini Barufa?"

Babu alizinduka, akaangalia kama kuna andazi.

"Zamani," alisema.

Wakili Zumbeko alianza kueleza kwamba Babu alikuwa na maana nyingine, lakini mzee aliyeandikishwa hawezi kupingwa na aliyemwandikisha, na hiyo ni sheria aliyoitunga Zumbeko mwenyewe. Suruali tatu hazikumsaidia.

Bwana Pelemba hakuwa amemaliza. "Sisi sili," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli, "tunaomba kujua. Kwa utaratibu huo wa bunduki, ridhaa yetu tutaombwa lini?"

"Hamtaombwa," alisema Sanuvi. "Hakuna sili anayeridhia, Bwana Pelemba. Tumekuwa tukidanganyana. Nitaua wachache, wanaotosha kula. Sitamgusa mwenye mtoto. Nitaua mara moja, na nikikosa nitamaliza hapohapo bila kusoma kitu. Na sitaapa kwamba alifurahi."

"Majoto hawatanunua ngozi zenu," alisema Garudo.

"Najua."

Hapo ndipo watu wa Ukingo walipotazamana, kwa sababu ngozi zilikuwa chai na dawa ya kifua. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikohoa. Hakuna aliyepiga makofi, na sidhani kama walikosea. Kura ilipigwa haraka kwa sababu ya baridi, ikapita kwa tofauti ndogo, na kwa kijiji cha Ukingo peke yake. Kampuni iliendelea bandarini kama kawaida, na furaha za sili wake ziliendelea kuapiwa tangu asubuhi hadi jioni.

Sanuvi alifukuzwa kazi, kwa kuwa kosa ni kosa. Aliamriwa pia amwombe radhi yule sili aliyempunguzia mateso. Bwana Pelemba aliipokea kwa niaba yake, bila kinyongo na bila shauku, halafu alinivuta kando akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ni kweli wanatoa sauti. Nilimwambia ni kweli. Siku hiyo, nilisikia baadaye, hakula kaa. Kesho yake alikula.

Nilibaki Ukingo mpaka uwindaji wa kwanza wa Sanuvi, kwa sababu ngozi yake ndiyo niliyoahidiwa. Tulitoka watatu tena. Bi Tirike hakubeba kitu ila birika. Alimfundisha binti yake kwenda kwa tumbo, upande wa upepo, wakati wa kupumua na wakati wa kuzuia pumzi, na hakupitisha neno hata moja kwangu. Sanuvi alilala barafuni muda mrefu mno, mpaka nikadhani ameghairi. Kisha mlio mmoja, na sili akainamisha kichwa kama aliyepitiwa na usingizi.

Sanuvi aliweka bunduki chini, akaketi pale pale, akalia.

Mama yake hakumbembeleza. Alimpita, akamfikia mnyama, akampanua mdomo na kumtilia maji matamu kutoka kwenye birika, kidogo kidogo. Watu wa Ukingo hufanya hivyo tangu kabla ya Radhi na Ofisi, maana sili maisha yake yote amezungukwa na maji ya bahari asiyoweza kuyanywa, na mgeni anayefika amechoka hupewa maji. Halafu alirudi, akaketi karibu na binti yake, na wakakaa hivyo.

Nyama iligawiwa jioni, mlango kwa mlango. Kwa desturi yao kipande cha kwanza cha ini humrudia mwindaji. Bi Tirike alikikaanga kwa mafuta kidogo, akakiweka kwenye sahani ya bati, akaisukuma upande wa pili wa meza, alipokaa Sanuvi. Hakusema ale, na mimi niligeuza uso nikajifanya natazama ngozi.

Sanuvi alikaa akikiangalia kipande kile. Mara akakata, akatia mdomoni, akatafuna huku machozi yakimshuka mashavuni hadi kidevuni, akameza.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Mimi sikutia chumvi," alisema mama yake, akavuta kiti, akaanza kula naye sahani moja.